Je, ufunguo wa siri unaweza kupita katika njia ileile unayoilinda?

"Jambo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya jimbo hapa Lubumbashi. Tuna vituo tisa nje ya makao makuu, vingine viko mbali sana, na tunatumiana taarifa zilizosimbwa kwa programu iliyowekwa kabla sijaajiriwa. Kila mwezi tunabadilisha ufunguo. Zamani dereva alipeleka flashi ndani ya bahasha, lakini wakati wa mvua alikuwa hafiki, basi tukaanza kupiga picha ya ufunguo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa vituo, kwa kuwa tuliambiwa WhatsApp nayo imesimbwa. Sasa mkuu wetu anataka kununua mfumo wa kusambaza funguo kwa njia ya kielektroniki. Muuzaji anasema funguo zitapita katika mtandao uleule wa taarifa, na kwamba ufunguo wake wa biti 256 ni salama mara mbili kuliko wetu wa biti 128. Mimi naona ni kama kufunga nyumba na kuacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni. Je, nakosea? Na kompyuta ya kituo kimoja ikiibwa, tufanye nini? Tafadhali usitaje ofisi yetu."

Ndugu yangu, ofisi yenu sikuitaja, na katika barua yako nimeondoa pia majina ya vituo, jina la programu na siku ya mwezi mnayobadilisha ufunguo, ambavyo vyote ulikuwa umeviandika. Sikufanya hivyo kukuaibisha. Anayetaka kusoma taarifa za watu hahangaiki kwanza na hesabu ngumu. Anaanza na mambo madogo kama hayo, nani anapeleka, siku gani, kwa chombo gani.

Kwa wasomaji wengine: kusimba ni kugeuza taarifa isisomeke, na ufunguo ni namba ndefu ya siri inayoigeuza na kuirudisha. Nikilivua swali lako maneno ya pembeni, unaniuliza kama kitu kinacholinda njia kinaweza kusafiri katika njia hiyohiyo bila kujiharibu chenyewe. Kinaweza, ila kisipite uchi. Mfano wako wa zulia unafaa kabisa kwa mnachokifanya leo kwenye WhatsApp, lakini haufai kwa mfumo uliotengenezwa vizuri, kwa sababu katika mfumo huo kinachopita mtandaoni ni sanduku lililofungwa, lenye ufunguo ndani, na la kulifungulia lilishafika kituoni kabla yake, mkononi mwa mtu. Hapo ndipo wauzaji wengi hawasemi ukweli wote. Usambazaji wa kielektroniki hauondoi safari ya mkono. Unazipunguza safari kumi na mbili za mwaka ziwe moja, na hiyo moja ndiyo mtakayopaswa kuilinda kwa nguvu zenu zote.

Kuhusu WhatsApp, mliambiwa kweli, lakini nusu yake. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake husimbwa kutoka simu hadi simu, na aliye katikati, hata kampuni yenyewe, hasomi kilichomo. Tatizo lenu halipo katikati, lipo mwisho wa njia, pale picha inapotua. Mkuu wa kituo akiifungua, inaingia katika albamu ya simu pamoja na picha za ubatizo wa mtoto wake. Usiku simu inapeleka nakala ya akiba mtandaoni ikiwa mwenyewe hakuizima. Wiki inayofuata kioo kinapasuka, na simu inalala siku tatu kwa fundi wa barabarani aliyeomba namba ya kuifungulia ili aijaribu. Ufunguo unatakiwa kufichwa, ndiyo, lakini unatakiwa pia kuhesabika. Nikikuuliza leo nakala ngapi za ufunguo wa mwezi huu zipo, na ziko wapi, huwezi kunijibu, na kwa sababu hiyo peke yake mimi ningeuandika daftarini kuwa umevuja, hata kama hakuna ninayemshuku.

Muuzaji naye amekosea hesabu. Kila biti, yaani tarakimu ya 0 au 1 katika ufunguo, inayoongezwa huzidisha kwa mbili idadi ya funguo ambazo mwizi atalazimika kuzijaribu, kwa hiyo pengo kati ya biti 128 na biti 256 ni kubwa mno kuliko "mara mbili". Hata hivyo pengo hilo haliwahusu. Idadi ya funguo zinazowezekana za biti 128 huandikwa kwa tarakimu 39. Mashine inayojaribu funguo trilioni moja kila sekunde ingehitaji miaka milioni kumi, kisha hiyo uizidishe tena mara trilioni moja, ili izimalize zote. Hakuna atakayepita huko wakati ufunguo wenyewe umelala katika albamu ya picha. Ukipewa biti 256, zichukue, hazina gharama ya ziada ya kusumbua. Ila usikubali kwamba hizo ndizo mnazozilipia.

Sasa tuingie katika mtambo wenyewe. Ufunguo mnaobadilisha kila mwezi, ule unaosimba taarifa, tuuite ufunguo wa kazi. Juu yake unawekwa ufunguo mwingine ambao hausimbi taarifa hata moja. Kazi yake ni kusimba funguo za kazi tu. Huo tuuite ufunguo mama. Kila kituo kinapewa ufunguo mama wake, tofauti na wa wenzake, unaoingizwa katika kifaa cha kituo na wajumbe waliosafiri na barua ya misheni, au siku ambayo mkuu wa kituo amekuja mjini na kifaa chake mkononi. Kuanzia hapo, kila mwezi makao makuu yanatengeneza ufunguo mmoja wa kazi, yanausimba mara tisa, kila mara kwa ufunguo mama wa kituo kimojawapo, na kutuma masanduku hayo tisa kwa njia yoyote inayopitika siku hiyo: barua pepe, redio, hata WhatsApp ileile. Atakayenasa sanduku la Pweto, nataja Pweto kwa mfano tu, hana la kulifungulia, na wa Kasumbalesa hawezi kulifungua la Pweto hata akitaka.

Kufunga huku kuna kanuni zake zilizokubaliwa na kuchapishwa, na kanuni nzuri haifichi tu, bali huweka ndani ya sanduku alama ya uhakiki, ili mtu akibadilisha biti moja njiani kifaa cha kituoni kilikatae sanduku zima. Hakikisha pia kwamba kila sanduku lina namba ya mfululizo ambayo nayo imehakikiwa. Bila namba hiyo adui asiyejua ufunguo wowote anaweza kuhifadhi sanduku la Machi na kulirusha tena Juni, nanyi mkarudi kutumia ufunguo wa zamani bila kutambua.

Ufunguo mama utoke wapi? Usitoke kichwani mwa mtu. Niliwahi kuonyeshwa "ufunguo" uliokuwa neno Kamalondo, jina la mtaa wa hapa kwetu, likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa wa mkuu wa ofisi, na aliyenionyesha alikuwa anajivunia. Kama hamna kifaa mnachokiamini cha kuzalisha namba za nasibu, yaani zisizotabirika, kaeni watu wawili mezani, simu zikiwa nje ya chumba, mmoja atupe dadu la kawaida lenye nyuso sita, mwingine aandike. Mitupo 50 inawapa nasibu ya zaidi ya biti 128. Mitupo 100 inapita biti 256. Inachosha mkono, lakini hakuna kampuni wala serikali ya mbali iliyokaa ndani ya dadu lenu.

Kisha ufunguo huo utasafirije? Watu wengi wakiambiwa waugawe kwa wabebaji wawili, wanaukata katikati kama muwa. Ni kosa kubwa, na nitakuonyesha ukubwa wake kwa mashine ileile ya trilioni moja kwa sekunde. Aliyepata nusu ya ufunguo wa biti 128 anabakiwa na biti 64 tu za kubahatisha, na hizo mashine inazimaliza ndani ya miezi saba hivi, badala ya ile miaka isiyohesabika. Njia sahihi ni kutengeneza namba mbili za nasibu, kila moja ikiwa na urefu kamili wa ufunguo. Mbebaji wa kwanza anachukua moja, wa pili anachukua nyingine, wanasafiri katika magari tofauti, na kifaa cha kituoni ndicho kinachozichanganya biti kwa biti ili kuzaa ufunguo mama. Mwenye namba moja peke yake hajapata chochote cha ufunguo, hata biti moja.

Zikishaingizwa zote mbili, kifaa kinasimba msururu wa sifuri kwa ufunguo uliozaliwa na kuonyesha tarakimu sita za mwanzo za matokeo, zikiandikwa kwa 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Opereta anapiga simu ya kawaida makao makuu na kuzisoma: tatu, efu, tisa, a, sifuri, be. Zikilingana na za makao makuu, ufunguo umeingia sawasawa. Aliyesikiliza simu hiyo hajafaidika, maana kutoka kwenye tarakimu sita hakuna njia ya kurudi kwenye ufunguo. Zisipolingana, msibahatishe, futeni na muanze upya, kwa kuwa mara nyingi mtu amesoma sita mahali pa tisa.

Utaniuliza: kama safari ya mkono inabaki, tumefaidi nini zaidi ya mafuta ya gari? Mmefaidi jambo ambalo jeshi la majini la Marekani lililijua kwa uchungu. John Walker, aliyekuwa akishika nyaraka za funguo katika jeshi hilo, aliwauzia Wasovieti funguo hizo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na baada ya kustaafu akaendelea kupitia watu aliowaingiza, hadi alipokamatwa Mei 1985. Hakuhitaji kuzichukua karatasi zenyewe moja kwa moja. Alizipiga picha kwa kamera ndogo na kuzirudisha kabatini, na ukaguzi wa kuhesabu karatasi hauwezi kuonyesha wizi wa namna hiyo. Nimekwambia ufunguo lazima uhesabike, na sasa unaona kuhesabu nako kuna mpaka: ufunguo ambao jicho la mtu linaweza kuusoma utanakiliwa siku ambayo mtu huyo atabadilika moyo, au atadaiwa.

Katika miaka hiyo funguo nyingi za serikali ya Marekani zilisafiri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, ambao opereta aliuvuta kwa mkono kupitia kisomaji kidogo. Mfumo uliokuja kuchukua nafasi ya karatasi uliitwa EKMS, na baadaye ukafuatwa na mwingine uitwao KMI. Umepangwa kwa ngazi: juu kabisa vituo vinavyozalisha funguo, chini yake akaunti kubwa za vikosi, kisha akaunti za mahali zenye kompyuta na kichakataji chake maalumu cha funguo, na mwisho kabisa askari mwenye kifaa cha mkononi cha kujazia ufunguo katika redio. Watu wa kazi hiyo wana usemi ambao naupenda: ufunguo usiosimbwa wanauita mwekundu, uliosimbwa wanauita mweusi. Kazi yote ya mfumo ni kuhakikisha kwamba ufunguo unakuwa mwekundu ndani ya mashine tu, na unapopita mikononi mwa watu uwe mweusi. Mfumo wowote mtakaoletewa, muulize muuzaji swali hilo kwa rangi hizo: ni mahali gani, na kwa sekunde ngapi, ufunguo unakuwa mwekundu mbele ya binadamu? Kama jibu ni "unaonekana kwenye skrini ili opereta aunakili", basi mmenunua albamu ya picha yenye bei kubwa.

Kuna imani nyingine katika barua yako ambayo hukuiandika waziwazi, kwamba kubadilisha ufunguo mara kwa mara ni usalama zaidi kila wakati. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha walichosikia kwenye redio za kidijitali za vikosi vya usalama vya serikali kuu ya Marekani, redio ambazo usimbaji wake ulielezwa kuwa mzuri. Walisikia mazungumzo nyeti mengi yakipita wazi hewani. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba funguo zilibadilishwa mara nyingi mno, redio moja au mbili zikakosa ufunguo mpya, na kundi zima likalazimika kuzima usimbaji ili wote wasikilizane. Adui hakuvunja kitu, alingoja tu.

Na mimi yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia ofisi moja iliyokuwa na kituo hapa na kingine Kinshasa. Waraka wa kubadilisha ufunguo ulisema ufanyike saa sita usiku, na hakuna aliyeuliza saa sita ya nani, ingawa kila mtoto wa Lubumbashi anajua tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Sisi tulibadilisha wakati wenzetu bado wako saa tano. Kwa saa nzima hakuna aliyemsoma mwenzake, na mnamo saa sita na nusu opereta wetu, kijana mwenye bidii kabisa, aliona kazi inalala, akazima usimbaji, akasoma taarifa yote wazi hewani, akamalizia kwa kueleza kwamba ufunguo mpya unagoma. Makosa yalikuwa yangu kuliko yake, kwa sababu waraka ule niliupitia mimi. Tangu siku hiyo naandika saa za kubadilisha kwa saa ya kimataifa, kwa tarakimu nne, wala sikubali zielezwe kwa mdomo, maana kwetu waraka wa Kifaransa ukitafsiriwa kwa haraka kwenye simu, "six heures" ya mmoja inageuka saa sita ya mwingine wakati ni saa kumi na mbili. Pia ninataka kifaa kiendelee kupokea kwa ufunguo wa zamani kwa siku moja au mbili baada ya kuanza kutuma kwa ule mpya, ili kituo kilichokosa umeme kisijikute nje ya mlango. Kwa vituo tisa na usimbaji wa kisasa, mwezi mmoja unatosha, na hata miezi mitatu nisingeigombania. Mnachohitaji zaidi ni uwezo wa kubadilisha ndani ya siku moja pale kitu kinapopotea.

Kuhusu njia za kuchagua, nitakuwa mkweli. Ya kwanza ni kubaki na bahasha lakini kuzitengeneza upya: kabla ya mvua ya Novemba, vituo vipewe funguo za miezi sita katika bahasha zinazoonyesha zikifunguliwa, moja kwa kila mwezi, katika kabati la chuma lenye kufuli mbili za watu wawili. Haina sifa ya kisasa, na kabati likivunjwa mmepoteza miezi yote iliyobaki, lakini ni bora mara nyingi kuliko WhatsApp na mnaweza kuianza mwezi huu. Ya pili ni ufunguo mama kama nilivyoeleza, na kwa ofisi ya ukubwa wenu ndiyo ninayoipendekeza: hesabu yake ni nyepesi, sanduku lake ni dogo kiasi cha kupita hata kwenye laini mbovu ya setilaiti, na mkiwa hamna mtandao kabisa opereta anaweza kusomewa kwa redio. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: anayeiba ufunguo mama leo, kama alikuwa akihifadhi masanduku yenu tangu Januari, atayafungua yote. Kwa hiyo ufunguo mama nao una umri, mwaka mmoja tuseme, na kifaa chake kinatakiwa kikatae kuutoa nje hata kwa fundi kama wewe.

Njia ya tatu ni ile iliyofunguliwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, ambapo pande mbili zinakubaliana siri kwa kuzungumza hadharani, bila kubeba siri yoyote kabla. Ni hesabu nzuri kupita kiasi, na ikitumiwa vizuri inatibu udhaifu niliotaja, kwa kuwa siri ya kila kikao hutupwa kikao kinapoisha. Lakini hesabu hiyo haikwambii unakubaliana na nani. Inabidi pawepo mtu wa kuthibitisha kwamba ufunguo huu wa wazi ni wa kituo fulani kweli, na mtu huyo ndiye anakuwa mlango. Uholanzi ilijifunza mwaka 2011, wakati wavamizi walipoingia katika kampuni ya DigiNotar, iliyokuwa ikithibitisha hata tovuti za serikali, wakatoa vyeti vya uongo, kimojawapo cha Google kilichotumika dhidi ya watu wa Iran. Serikali ikalazimika kuchukua usimamizi, na kampuni ikafilisika mwezi Septemba mwaka huohuo. Mkiwa na watu wawili wa kudumu wanaoijua kazi hiyo, ifanyeni. Mkiwa na wewe peke yako, tena unatengeneza na mashine za kuchapishia, subirini. Watengenezaji wa njia hii sasa wanahama pia kwenda kanuni mpya zinazohimili kompyuta za kwantamu, mashine za aina mpya zinazotarajiwa kuweza kuivunja hesabu hiyo, na kiwango cha kwanza cha Marekani kilitoka Agosti 2024, wakati njia ya ufunguo mama wa biti 256 haitikiswi na jambo hilo kwa kiasi cha kutisha.

Kabla ya kulipa, mpimeni muuzaji. Februari 2020 ilifichuliwa kwamba Crypto AG ya Uswisi, iliyouzia serikali za nchi zaidi ya 100 mashine za kusimbia, tangu 1970 ilimilikiwa kwa siri na CIA ya Marekani na idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi. Wateja walikuwa na funguo zao, madaftari yao na makabati yao, na bado wakasomwa. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi nao walionyesha kwamba kanuni moja ya siri ya redio za TETRA, zinazotumiwa na polisi wa nchi nyingi, iitwayo TEA1, ilitangazwa kuwa ya biti 80 huku ndani yake ikipunguzwa hadi 32, ambazo kompyuta ya kawaida inazimaliza kwa muda mfupi. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa zamani wa usimbaji, alikwisha kuandika mwaka 1883 kwamba mfumo unatakiwa ubaki salama hata adui akiujua wote, isipokuwa ufunguo. Kwa hiyo anayekwambia kanuni yake ni siri ya kampuni, mshukuru na umsindikize mlangoni. Anayebaki, muulize nani anazalisha ufunguo mama, kama yeye anabaki na nakala, na nini kinatokea umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kubadilisha.

Nimeacha kompyuta iliyoibwa mwishoni kwa sababu jibu lake linategemea yote ya juu. Kama vituo vyote vinashirikiana ufunguo mama mmoja, wizi wa kompyuta moja unawalazimu kufanya safari nane. Kama kila kimoja kina wake, mnatengeneza ufunguo mpya wa kazi, mnatuma masanduku manane, na kituo kilichoibiwa kinabaki nje jioni hiyohiyo. Taarifa zote zilizosimbwa kwa ufunguo wa mwezi huo zihesabuni zimesomwa, na wahusika waambiwe bila kuoneana haya. Za miezi iliyopita zitapona ikiwa tu funguo zake zilikwisha kufutwa katika mashine ile, na ikiwa ufunguo mama haukutoka ndani yake. Hapa angalia usije ukapita kiasi: ufunguo uliosimba ujumbe wa njiani ufutwe, lakini kama kuna mafaili ya kumbukumbu yaliyohifadhiwa yakiwa yamesimbwa, ufunguo wake ukiufuta umeyachoma mafaili hayo. Ujumbe usimbuliwe ukifika, uhifadhiwe chini ya ufunguo wa kumbukumbu, na nakala ya ufunguo huo iwe katika kabati la pili, jengo jingine.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kama taarifa zenu zinagusa ulinzi au upelelezi, si mimi wala muuzaji wa kuamua; mkuu wenu awaendee wenye mamlaka ya usalama wa taifa. Nchi yetu ina pia Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye masharti kuhusu kriptolojia, yaani elimu ya kusimba, na mwanasheria wenu aisome kabla mkataba haujatiwa sahihi. Mkimshuku mtu wa ndani, usimkabili wewe, wala usiguse mashine yake. Ifungiwe chumbani kama ilivyo mpaka mchunguzi afike. Kwa leo, picha kwenye kundi zifutwe lakini msidanganyike kwamba zimerudi. Tumeni wajumbe wawili wenye ufunguo mpya kwa vituo vilivyo karibu, na vya mbali vikae kimya kwa mambo nyeti mpaka wafikiwe. Ufunguzi wa mfumo mpya, siku ya kuingiza funguo mama, usifanyike bila mtu wa nje aliyewahi kuifanya kazi hiyo kukaa nanyi chumbani. Ukihitaji niwepo, mkuu wako aniandikie barua rasmi, nitakuja. Siku hiyo niandalie daftari la vituo na majina ya wanaoshika kabati, na ufunguo wenyewe usinionyeshe.